Impela mpya peke yake haiponyi injini iliyomeza mchanga

Wengi huamini kwamba injini ya boti ikinyonya mchanga na kuanza kuchemka, dawa ni kubadilisha tu impela, kigurudumu cha mpira ndani ya pampu kinachosukuma maji ya kupoza injini. Si kweli. Mchanga hula mpira wa impela, ndiyo, lakini pia huchora mikwaruzo kwenye kikombe na bamba la pampu. Impela mpya ikizunguka humo, maji huvuja pembeni na msukumo hupungua. Chembe nyingine hupanda hadi njia nyembamba za kichwa cha injini, au hukwamisha thamostati, vali inayofungulia maji ya kupoza injini ikipata joto. Na usidanganywe na maji yanayochuruzika kwenye kitundu cha ukaguzi: mara nyingi yanaonyesha pampu inasukuma, si kwamba kichwa kinapoa. Injini ikishapoa, fungua pampu yote, toa thamostati, suuza njia za maji.