Kemba ni nini, na kwa nini mawe yako yanamezwa na matope

Fundi wa barabara akifika kwako msimu wa mvua, aangalie pale pikapu ya maziwa imekwama, kitu cha kwanza atasema ni "hii haina kemba". Kemba ni ule mgongo wa barabara, yaani katikati inainuliwa kidogo kuliko kando ili mvua ikinyesha maji yasipate pa kukaa, yateremke huku na huku yaingie mtaroni yaende zake. Ni hiyo tu, na bado ndio kitu watu wanaruka wakijenga njia ya kuingia bomani, kwa sababu pesa yote imeenda kwa mawe.

Sasa mgongo wa kiasi gani? Kwa njia ya changarawe au muramu inafaa asilimia 4 mpaka 6, maana yake kila mita moja ukitoka katikati kwenda kando unashuka sentimita 4 mpaka 6. Njia ya boma ya upana wa mita 3, kando iko mita moja na nusu kutoka katikati, kwa hivyo ishuke kama sentimita 6 hadi 9. Kupima si kazi ya injinia. Shikilia kamba chini kabisa pale katikati, mwenzako aivute mpaka kwa kijiti cha kando, mweke pima maji kwa kamba mpaka ilale sawa, halafu mpime kutoka kamba mpaka ardhi pale kando. Kama hakuna nafasi, au kamba haiwezi hata kulala sawa kwa sababu kando ndio iko juu (na hii iko kila mahali, matairi yanachimba mistari miwili na mawe yanasukumwa pembeni), basi hapo umejilipia mfereji.

Halafu kuna ile hadithi ya kila Aprili. Mtu analeta tipa ya hadikoo, yale mawe makubwa ya msingi, inamwagwa, inasambazwa, barabara inakaa fiti kabisa, mvua ndefu inapiga wiki kadhaa na mawe hayaonekani, analaumu mvua ati imebeba. Haijabeba kitu! Mawe yako hapo hapo chini ya miguu yako, yamezama. Udongo ukilowa unakuwa uji, na kila gari ikipita inakandamiza mawe chini na ule uji unapanda juu kati kati ya mawe. Ukiongeza tipa nyingine juu bila kutoa maji unalisha tu hilo shimo.

Dawa ni mbili na zinaenda pamoja. Kwanza maji yatoke: kemba, mtaro kila upande, na mtaro uwe na mahali unaishia, sio unajaa tu hapo kama dimbwi refu. Pili udongo na mawe visichanganyikane. Hapa ndio watu wa barabara hutandika jiotekstaili, kitambaa kizito ambacho maji yanapita lakini udongo haupiti. Msitandike karatasi ya nailoni badala yake, hiyo inazuia maji na yanabaki juu. Kabla ya kutandika, toa ule udongo mweusi wa juu wenye mizizi na majani, kama sentimita 15 hadi 20, shindilia chini huku ukiwa tayari umeipa mgongo, utandike kitambaa, ndio uweke mawe makubwa, kisha balasti, kisha juu muramu au vumbi la kwari, ile dasti ya kijivu, ya kufunga. Mgongo unaanza chini kabisa, sio kurembesha tabaka la juu peke yake. Na mawe yawe yale yamepasuliwa, yana pembe, yanashikana. Mawe ya mviringo ya mtoni ni mazuri kwa macho lakini gari ikipita yanabingirika tu.

Mahali uko pia kunabadilisha mambo. Watu wa Kano, pande za Ahero, mko na ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi mpaka mguu unaingia na ukinyeshewa unavimba, hapo bila kitambaa, au bila kuchimba utoe udongo mwingi zaidi, ni kupoteza pesa. Upande wa Nakuru, kama Njoro na Rongai, shida inageuka: udongo wa volkano ni mwepesi, maji yanapita vizuri lakini yanabeba, na mtaro wako wa leo ukiwachwa hivyo unakuwa korongo, kwa hivyo panda nyasi mtaroni na uweke vizuizi vya mawe vya kupunguza mwendo wa maji. Na Vihiga kwenye miteremko kemba peke yake haitoshi, maji yanaamua kufuata barabara yenyewe kwenda chini, inabidi uweke matuta madogo ya mshazari ya kuyatoa pembeni.

Zizi na ile sehemu ng'ombe wanazurura ni mambo yale yale ila ngumu kidogo, maana ng'ombe wa gredi mkubwa anaweza kufika kilo 500 na kitu na hizo zote zinasimama kwa kwato nne ndogo. Halafu anasimama mahali pamoja. Angalia utaona matope mabaya hayako zizi nzima, yako getini na kuzunguka birika la maji. Kama pesa ni kidogo anzia hapo, mita chache tu kuzunguka birika, uache kwingine kwanza. Juu usiache balasti tupu, inaumiza kwato na jiwe likiingia katikati ya kwato ni kilema, malizia na vumbi la kwari lililoshindiliwa. Sehemu yote iinamie upande mmoja, asilimia 3 hivi inatosha. Matope ya kudumu ndio yanaleta kuoza kwa kwato na kiwele kichafu, na kiwele kichafu ndio njia rahisi ya mastaitisi, ule ugonjwa wa kiwele.

Lakini kabla hujanunua hata jiwe moja angalia paa. Milimita moja ya mvua kwa mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la banda la mita 10 kwa 6, mvua ya milimita 30 ya jioni moja, ni lita 1,800 umemwaga kwa zizi na ungeziweka kwa tangi! Gata za kukinga maji ya paa zinakuja kwanza, mimi hapo sibishani na mtu. Zinafuata mtaro wa juu ya boma wa kukatiza maji yanayoteremka kutoka kwa shamba la jirani, na kukwangua samadi mara kwa mara, kwa sababu ikiachwa inaziba nafasi kati ya mawe na unarudi kwa matope.

Yale maji machafu ya zizi nayo usiyaelekeze mtoni wala kwa jirani wa chini. Yapeleke kwa nepia, ile nyasi ya ng'ombe.