Mazoezi ya piano nyumbani: yanayoaminiwa na wanaojifundisha, na yalivyo kweli

Dhana: Ukikosa saa nzima, heri uache hadi wikendi.

Ukweli: Anayeanza hufaidika zaidi na dakika 20 za kila siku kuliko saa tatu za Jumamosi. Ulichofanyia mazoezi hukaa vizuri ukiwa umepumzika, hasa usingizini. Isitoshe, umakini ukishachoka unaanza kukosea pale ulipokuwa ukipatia, na kosa likirudiwa nalo huzoeleka. Gawa hivi: dakika 3 za skeli moja (ngazi ya sauti zinazopanda na kushuka kwa mpangilio), 12 za sehemu inayokushinda, 5 za wimbo unaoumudu. Kinanda kikae wazi, waya umechomekwa. Kilichofungwa kwenye mfuko chini ya kitanda hakipigwi.

Dhana: Mazoezi ni kupiga wimbo tangu mwanzo hadi mwisho.

Hapa ndipo muda mwingi unapopotea. Chukua wimbo wenye vipimo 32 (kipimo ni ile nafasi kati ya mistari miwili ya wima kwenye karatasi ya noti). Unakwama kwenye cha 9, unarudi mwanzo, unakwama tena. Ukifanya hivyo mara kumi, kipimo cha kwanza umekipiga vizuri mara kumi, cha 9 umekizoea kwa kukwama, na kuanzia cha 10 hujagusa kitu. Ndiyo maana wengi wana nyimbo tano za nusunusu.

Badala yake, zungushia penseli kipimo cha 9 na cha 10, pamoja na noti ya kwanza ya cha 11. Hiyo noti ya ziada usiiache, kwa kuwa mara nyingi tatizo liko kwenye kuvuka, siyo ndani ya kipimo. Piga mkono wa kulia peke yake mpaka utoke safi mara tatu mfululizo, kisha wa kushoto, kisha yote miwili kwa nusu ya mwendo. Weka metronomu (kifaa kinachogonga mapigo sawasawa ili ushike mwendo) kwenye mapigo 60 kwa dakika. Ukipatia mara tatu, panda hadi 64. Ukikosea mara mbili, shuka hadi 52 bila kuona haya. Mwisho anzia kipimo cha 8 ili uone kama kiungo kinashika.

Dhana: Vidole vijipange vyenyewe.

Hapana. Kidole gumba ni 1, cha mwisho ni 5. Skeli ya C (herufi kama C, D, E na F ni majina ya noti) kwa mkono wa kulia, kupanda, ni 1-2-3-1-2-3-4-5. Gumba hupita chini ya kidole cha kati ili lifike F. Wanaoanza hungoja mpaka E ilie ndipo wanalivuta gumba kwa ghafla. Kiwiko kinainuka na F inapiga kelele. Anza kulisogeza gumba wakati kidole cha 2 kiko kwenye D, kisha rudia E-F-E-F polepole. Wala usidhani mpangilio huo unafaa kila skeli: katika F, mkono huohuo hutumia 1-2-3-4-1-2-3-4, kwa sababu noti ya nne ni B bemoli, kibonye cheusi, na gumba hukaa vizuri zaidi kwenye C inayofuata.

Dhana: Maumivu ni dalili kwamba vidole vinapata nguvu.

Kibonye cha piano hushuka kwa uzito wa takribani gramu 50, kwa hiyo nguvu si hoja. Kigasha kikiwaka moto, simama, ukague kiti: viwiko viwe usawa wa vibonye, mabega yameshuka, umekalia nusu ya mbele ya kiti. Ganzi au maumivu yasiyoisha baada ya kupumzika ni ya kupeleka kwa daktari.

Dhana: Ukiwa unapiga, unajisikiliza vya kutosha.

Akili iliyo kazini haihesabu vituo vyake. Jirekodi kwa simu mara moja kwa wiki, usikilize kesho yake ukiwa na karatasi ya noti mkononi, na uweke alama kila mwendo unapoyumba.

Dhana: Bila vibonye 88 huwezi kuanza.

Miezi ya mwanzo 61 vinatosha. La kuangalia zaidi ni kama kibonye kinaitikia mguso, yaani ukigusa taratibu sauti inakuwa ndogo, ukikaza inakuwa kubwa. Kisichofanya hivyo hakikufundishi kupiga kwa upole.