Hakuna "RNA ya kansa", jamani

Jana tena. Grupu la WhatsApp la mtaani kwetu Ngamiani, mtu katupia klipu "imegundulika RNA inayoleta kansa", hata dakika hazijapita dada mmoja ashauliza, "Dokta, kipimo chake bei gani?" Nishajibu hili swali mpaka basi, leo naandika, siku nyingine natuma linki tu.

Haraka haraka kwanza. Kama asilimia 2 tu ya DNA yetu ndo inabeba maelekezo ya protini, na sehemu kubwa ya iliyobaki inanakiliwa kuwa RNA (nakala ya muda ya kipande cha DNA) na kuishia hapo hapo, haitengenezi protini. Habari ya kuziita takataka ilishakufa, Ambros na Ruvkun walionyesha maikro-RNA (RNA fupi inayobana jeni zingine) ya kwanza mwaka 1993 kwenye kijinyoo kidogo na 2024 wakapewa Nobel. Twende.

Kinachonikera ni hilo "ya kansa". Hizi RNA muda mwingi zimeshikwa na protini, na aliyeshika ndo anaamua. Chukua maikro-RNA iitwayo let-7, kazi yake ni kuibana protini RAS isichochee seli kugawanyika ovyo, yaani iko upande wetu. Sasa protini LIN28, ambayo kawaida ni ya wakati wa kiinitete, ikiamka ukubwani inaidaka let-7 ikiwa bado mbichi, inaita kimeng'enya kije kuibandika mkia wa herufi U (moja ya herufi nne za RNA), halafu inasagwa. Jeni la let-7 lenyewe salama salimini, lisome herufi kwa herufi hukuti kosa, na uvimbe unakua! Utapima nini hapo?

Au mRNA ya MYC, yaani RNA inayobeba maelekezo ya MYC, protini inayosukuma seli kugawanyika. Mkiani ina eneo lenye herufi A na U nyingi linaloifanya isidumu. Protini HuR ikilishika, mara nyingi mRNA inadumu na seli inapata MYC ya kutosha, protini TTP ikilishika, mRNA inavunjwa. Siti moja ya daladala, aliyewahi kawahi. Kwa hiyo mbaya ni nani, siti?

Halafu kuna MALAT1, RNA ndefu isiyotengeneza protini, hii ndo inaniumiza kichwa kabisa. 2003 iliripotiwa kwenye kansa ya mapafu inayosambaa, basi ikabandikwa ubaya. 2012 panya waliotolewa jeni lake wakaishi vizuri tu. Kwenye kansa ya matiti, kundi moja la watafiti likaona MALAT1 ikipunguzwa, kusambaa kwa kansa nako kunapungua, 2018 wengine wakaona MALAT1 inazuia kusambaa. Kiungo kile kile! Mi nahisi nusu ya ugomvi ni mbinu, maana kukata jeni, kupachika kitu katikati yake na kuipunguza RNA yenyewe si kitu kimoja, majirani wa jeni nao wanavurugika. Ila hiyo ni hisia yangu, msiinukuu.

Na dawa? Ile ya kuiga miR-34 (maikro-RNA nyingine inayozuia uvimbe), iitwayo MRX34, majaribio yalisimamishwa 2016, kinga za wagonjwa zilicharuka vibaya.

Inayotusaidia kweli mezani kwetu maabara ni EBER, RNA za kirusi cha Epstein-Barr. Kwenye slaidi ya Burkitt (kansa ya tezi za limfu) iliyopakwa rangi ya kuitafuta EBER, viini vya seli vinageuka bluu ya kukolea, raha kutazama. Lakini hata hapo unaona kirusi kipo, huoni kwamba EBER ndo iliyoleta uvimbe, na watu wazima wengi wanakibeba hicho kirusi na hawaumwi. Afu nyama ikichelewa kuingia kwenye formalini RNA inaoza, slaidi inatoka tupu, mtu anaandika "hasi". Pima kwanza RNA ya kawaida ya seli, kama U6, kwenye kipande hicho hicho. Isipoonekana, usiandike chochote, omba sampuli nyingine.