Kushindwa kuamua kunapokuwa dalili ya ugonjwa

Mtu anasimama sokoni mbele ya fungu la mchicha na fungu la matembele, hajui achukue lipi, mwishowe anarudi nyumbani na kapu tupu. Nyumbani wanasema amekuwa mvivu, au anadeka. Sisi wa kliniki za afya ya akili tukisikia habari kama hiyo, huuliza kwanza: hali hii imeanza lini?

Kusita mbele ya jambo zito ni kawaida. Anayeuza kiwanja ana haki ya kukosa usingizi. Kinachotutia shaka ni mtu aliyezoea kuamua mambo yake, sasa hata mboga ya jioni inamshinda.

Katika vigezo vya kitabibu, kushindwa kuamua ni mojawapo ya dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito, kwa Kiingereza "depression"), pamoja na huzuni ya kutwa nzima, kupoteza hamu, usingizi kuvurugika na kujiona hufai. Dalili kadhaa zikikaa pamoja kwa wiki 2 au zaidi, mwone mtaalamu. Sonona hupunguza kasi ya fikra na kumfanya mtu aone kila njia inaishia pabaya, ndiyo maana kumwambia "jikaze" ni kumwongezea mzigo.

Mwenye ugonjwa wa wasiwasi ana shida nyingine. Anaomba ushauri kwa huyu na yule, anatulia kidogo, kisha anaanza kuuliza upya. Hapa ndugu hukosea kwa wema: kila wanapomhakikishia, hofu inazidi kuota mizizi. Tiba ya mazungumzo humzoesha kukaa na shaka bila kuuliza tena. Wengine huongezewa dawa, nazo huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu. Daktari anaweza pia kupima damu, kwa kuwa upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huleta uchovu unaofanana na sonona.

Ninalowasisitizia ndugu ni hili: aliyezama kwenye sonona msimsukume kuacha kazi, kutoa talaka au kuuza shamba. Yasubiri apate nafuu. (Anayepigwa ndani ya ndoa hasubiri, usalama wake kwanza.) Anzeni na madogo. Badala ya "utakula nini?", muulizeni "wali au ugali?", na akijibu, pikeni alichosema. Msimwamulie kila kitu.

Akisema amechoka kuishi, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.