Bwawa la mji: anzia nyuma ya tuta

Wengi wakifika bwawani hutazama maji. Mimi huyapa mgongo, nikashuka upande wa nyuma wa tuta linalozuia maji, ule usiogusa bwawa, hadi chini kabisa, maana tuta la udongo likianza kuharibika, mara nyingi dalili huonekana huko.

Karibu kila tuta la udongo huvuja kidogo, na hilo peke yake halinitishi. Ninachotaka kujua ni maji yanayovuja yana rangi gani na yanaongezeka au la. Yakinge kwenye chupa ya kioo uyaache yatulie. Yakiwa maangavu, andika na uendelee na ukaguzi. Udongo ukituama chini ya chupa, maji yanalila tuta kutoka ndani, na tundu linazidi kurefuka kuelekea bwawani. Bwawa la Teton, jimbo la Idaho nchini Marekani, lilibomoka kwa namna hiyo tarehe 5 Juni 1976, likiwa jipya, likijazwa kwa mara ya kwanza. Asubuhi watu waliona maji yenye matope yakitoka. Kabla saa sita mchana haijatimia, tuta lilikuwa limekatika. Watu 11 walikufa.

Ndiyo maana nasisitiza kipimo: kibao chenye mkato wa V pale maji ya mvujo yanapopita, na daftari. Andika kina cha maji kwenye mkato, kina cha bwawa na mvua ya siku hizo. Mvujo ukiongezeka wakati bwawa halijapanda wala mvua haijanyesha, mwite mhandisi siku hiyo hiyo.

Kisha utoro wa maji, ile njia ya kupitishia maji ya ziada. Maji yakipita juu ya tuta la udongo huuchimba mgongo wake, na bwawa linaweza kuisha kwa saa chache. Juu ya mji wa Johnstown, Pennsylvania, wenye bwawa la South Fork walikuwa wameweka nyavu kwenye utoro ili samaki wasitoroke. Mabomba ya kupunguzia maji yalikuwa yameshaondolewa, na tuta lilikuwa limeshushwa. Mvua kubwa ilipokuja, takataka zikanasa kwenye nyavu. Tarehe 31 Mei 1889 bwawa lilivunjika na zaidi ya watu 2,200 wakafa. Kwa hiyo nikikuta uzio, magogo au mbao za kuinua kina zimewekwa utoroni bila idhini ya mhandisi, nasema ziondoke, hata kama mji una kiu.

Miti juu ya tuta huleta ubishi kila mara, kwa kuwa watu hupenda kivuli. Mti ukiangushwa na upepo huondoka na kipande cha tuta, na mizizi iliyooza huacha njia za maji. Ing'oe ikiwa michanga. Ile mikubwa isikatwe ovyo, kwani mashimo ya mizizi lazima yajazwe na kushindiliwa. Nyasi fupi zinatosha, na zinakuonyesha mashimo ya wanyama.

Valvu ya chini, ile ya kutolea maji bwawani, ifunguliwe na kufungwa angalau mara moja kwa mwaka, polepole, baada ya kuwatahadharisha walio bondeni. Na halmashauri iamue mapema, kwa maandishi, ni nani mwenye mamlaka ya kuamuru watu wahame saa nane za usiku, na nani atashika nafasi yake akiwa safarini.