Busha halimalizwi kwa sindano

Wapo wanaoamini kuwa kunywa madafu huleta busha. Si kweli. Huku pwani, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, busha la mtu mzima mara nyingi hutokana na minyoo ya matende, inayoenezwa na mbu. Minyoo hiyo huharibu mishipa ya limfu, inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, na maji hujaa ndani ya utando unaozunguka korodani. Kingatiba ya ivermektini na albendazole hupunguza vimelea kwenye damu na kuzuia maambukizi mapya, lakini haiwezi kukausha maji yaliyokwisha kujaa. Hapo tiba ni upasuaji.

Kuna wanaoomba wanyonywe maji kwa sindano warudi shambani siku hiyohiyo. Hatushauri hivyo. Utando unaotoa maji unabaki palepale, busha linajaa tena, na sindano inaweza kuingiza vijidudu au kutoboa mshipa wa damu.

Kabla ya kisu, lazima ijulikane kama ni busha au ngiri, yaani utumbo ulioshuka. Daktari hushika sehemu ya juu ya uvimbe: vidole vikikutana juu yake, huenda ni busha; uvimbe ukipanda hadi kinenani na kusukuma vidole pale mgonjwa anapokohoa, huenda ni ngiri. Mwanga wa tochi hupenya busha, ila la miaka mingi lenye utando mnene huweza kuuzuia. Penye shaka hupigwa ultrasaundi, kwa sababu anayepasua ngiri akidhani ni busha anaweza kukata utumbo. Presha, sukari na wingi wa damu hupimwa, na vidonda vya ngozi hutibiwa kwanza.

Mgonjwa huchomwa ganzi ya mgongoni au ya sehemu yenyewe. Ngozi ya mfuko wa korodani hukatwa kwa mbele, tabaka hutenganishwa moja moja mpaka kwenye utando, maji yanatolewa, kisha korodani inakaguliwa. Kwa busha la matende, utando hukatwa ukaachwa ukingo wa takriban sentimita 1 kando ya korodani, mbali na mrija wa mbegu. Kuugeuza tu nje ndani kunatosha kwa busha dogo lenye utando mwembamba.

Kazi inayotaka subira ni kuzuia damu. Ukingo wote hushonwa kwa uzi unaoyeyuka, na kila kimshipa kinachovuja hufungwa. Ngozi ya hapo ni legelege, haina cha kuibana damu, hivyo tone dogo lililoachwa linaweza kuwa bonge kufikia usiku. Ndiyo maana wengine huwekewa mpira wa kutolea damu kwa siku 1 au 2, na wote hufungwa bendeji ya kubana.

Nyumbani vaa chupi inayobana, weka kidonda kikavu, na usibebe magunia wala kupanda minazi kwa wiki 4. Ni vizuri kupanga upasuaji kabla ya msimu wa korosho. Rudi hospitali haraka ukiona uvimbe unaokua kwa saa chache, damu inayolowanisha bendeji, homa au usaha. Uvimbe mdogo na ugumu wa ngozi huweza kudumu wiki kadhaa. Huo usiuchome sindano, acha upungue wenyewe.