Je, wajua kwa nini Wapuritani walimkataza kapera kuishi peke yake?

Kijana wa miaka 25, hana mke, ana afya na nguvu za kufanya kazi. Amejijengea kibanda, anajipikia, hamsumbui mtu. Katika Connecticut, koloni la Wapuritani wa Kiingereza huko Amerika Kaskazini, mwaka 1637 kijana huyo alikuwa amevunja sheria. Amri iliyotolewa huko mwanzoni mwa mwaka huo ilisema kwamba kijana asiye na mke wala mtumishi, na asiye na wadhifa wa umma, asikae nyumbani peke yake bila idhini ya mji wake. Akikaidi, faini shilingi 20 kwa kila wiki.

Uzito wa faini hiyo unaonekana ukiupima kwa ujira. Mwaka 1633 mahakama kuu ya koloni jirani la Massachusetts iliamuru fundi seremala asilipwe zaidi ya shilingi 2 kwa siku, chakula juu yake mwenyewe. Basi wiki moja ya kulala peke yako ilimeza ujira wa siku 10 wa fundi hodari. Hata aliyetaka kumhifadhi kapera hakuwa huru: mwenye nyumba aliyempokea kijana wa kukaa kwake bila wenyeji wa mji kuridhia alitozwa shilingi 20 zilezile.

Wapuritani walikuwa Waprotestanti wa Uingereza walioona kanisa la nchi yao bado limebeba mabaki mengi ya Ukatoliki. Kati ya 1630 na 1640 Waingereza wapatao 20,000, wengi wao wa imani hiyo, walivuka Atlantiki kwenda New England, eneo lenye makoloni ya Massachusetts na Connecticut. Walikwenda kifamilia, baba, mama na watoto, tofauti na koloni la Virginia ambako wengi waliofika walikuwa vijana wa kiume wasio na wake. Mji kama Dedham, ulioanzishwa mwaka 1636, ulianza kwa agano ambalo wakazi walilitia saini majina yao.

Agano ndilo lililobeba kila kitu. Waliamini kwamba Mungu ameagana na jamii nzima, hivyo dhambi ya mmoja ikiachwa, ukame, maradhi au vita vitawapata wote. Kwa imani ya namna hiyo, maisha ya jirani hayawezi kuwa siri yake.

Nani basi wa kumwangalia kila mtu? Polisi hawakuwapo. Serikali ya kwanza ilikuwa nyumba. Ndani yake mlisaliwa asubuhi na jioni, Biblia ikasomwa, watoto na watumishi wakafundishwa na kuadhibiwa. Mwaka 1642 Massachusetts iliwapa wasimamizi wa miji mamlaka ya kukagua kama wazazi wanawafundisha watoto kusoma. Mzazi mzembe angeweza kunyang'anywa mtoto na kumwona akilelewa kwa bwana mwingine. Katika kaya moja waliishi wazazi, watoto, vijana waliojifunza ufundi na watumishi wa mkataba. Kuanzia 1638, meli iitwayo Desire ilipofika, baadhi ya kaya zilikuwa pia na Waafrika waliofanywa watumwa. Wote hao walikuwa na mtu juu yao. Binti alikuwa chini ya baba, kisha chini ya mume. Kapera aliyejitenga hakuwa chini ya yeyote, na hilo ndilo lililowatia hofu.

Lilikuwapo pia suala la kazi. Ardhi ilikuwa tele kwa wageni hao, kwa kuwa maradhi ya 1616 hadi 1619 yalikuwa yameua wenyeji wa asili wengi mno wa pwani ile, vijiji vikabaki mahame. Watu wa kuilima ndio waliokuwa wachache. Kijana akilazimika kuishi kwa mtu, mara nyingi hufanya kazi ya mtu huyo. Naamini dini ndiyo iliyotangulia, lakini wenye mashamba hawakupata hasara kwa sheria hii.

Hofu hiyohiyo iligusa hata mahali pa kujenga. Mwaka 1635 Massachusetts iliamuru kwamba katika makazi mapya nyumba isijengwe zaidi ya nusu maili, yaani kama mita 800, kutoka nyumba ya ibada. Amri haikudumu, ikafutwa mwaka 1640, maana watu walifuata malisho na mashamba mbali zaidi. Kadiri walivyotawanyika ndivyo uangalizi ulivyohitaji watu maalumu, na katika miaka ya 1670 koloni hilo likateua wasimamizi, kila mmoja akiangalia familia kama kumi za jirani zake. Ni kama balozi wa nyumba kumi, ila huyu alifuatilia pia nani hakuishika Sabato.

Sheria hizi hazikubaki kwenye makaratasi. Mwaka 1672 John Littleale wa mji wa Haverhill, Massachusetts, alifikishwa mahakamani kwa kuishi nyumbani peke yake, hali ambayo mahakama iliiona kuwa mlango wa dhambi nyingi. Alipewa wiki sita ahamie kwa familia yenye utaratibu na kutii kanuni za nyumba hiyo. Akishindwa, angepelekwa katika nyumba ya kurekebisha tabia.